Oili Chafu Chini ya Plaiwudi

Chatu hafungui mlango kwa nguvu. Anaufungua kwa subira. Anaweka pua kwenye ufa ambao wewe huuoni, anasukuma kidogo, anapumzika, anasukuma tena. Baada ya siku kumi ufa umekuwa njia, na wewe fundi uliyejisifu kwamba komeo lako halitikisiki unaitwa kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo ninyi mnaojifunza useremala, mkipewa kazi ya kujenga nyumba ya nyoka, msiuvute mlango mara moja na kusema uko sawa. Wekeni kioo kinachoteleza ndani ya mfereji, kabari ya mbao nyuma yake, na kufuli juu ya kabari. Halafu muulizeni yule atakayemlisha huyo nyoka kama ameridhika. Yeye ndiye anajua.

Chuo chenu kiliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yangu ya zamani. Walisema niandike yatakayowasaidia, na nikiweza niwachekeshe. Nitajaribu yote mawili. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hawakuliomba, na nikiliacha nje nitakuwa nimewadanganya. Mengi ninayoyajua kuhusu nyumba za nyoka niliyajua kwa hasara ya mtu mwingine. Jina lake ni Mutua, na nimelikalia jina hilo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mimi si mzee. Niko na miaka arobaini na kitu. Niliacha msumeno kwa sababu vumbi la mbao liliingia kifuani, na daktari akasema nichague. Kabla ya hapo nilifanya kazi Kitengela, Kiserian, Isinya, Namanga, Kajiado mjini, na tena Kitengela. Nikikaa mahali miaka miwili miguu huanza kuwasha. Nilitoka kwetu Machakos nikiwa na cheti cha kidato cha nne na randa moja ya baba, nikafika Noonkopir, pale Kitengela, wakati nyumbu walikuwa bado wanakatiza uwanda na mtu anaweza kusimama mlangoni akawaona. Sasa pale pameota maghorofa. Huwa napita nikitafuta mahali kibanda changu kilipokuwa, na sijawahi kuwa na hakika.

Siku Mwalimu Nekesa alipokuja kwenye kibanda nilikuwa natengeneza kitanda. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Bungoma, mwalimu wa biolojia, mtulivu, na alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza kama naweza kumtengenezea kabati la kulala chini badala ya kusimama, lenye mlango wa kioo. Nikamuuliza ni la vyombo ama la nguo. Akasema ni la chatu. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na kibali chake, alinionyesha hata kabla sijauliza, na alikuwa akimpeleka huyo chatu shuleni kufundishia. Wanafunzi walimpa jina la Kiranja, kwa maana akiwa darasani hakuna aliyepiga kelele.

Nikamwambia nahitaji vipimo. Akasema, njoo upime.

Ndipo nilipokutana na Mutua. Alikuwa soja wa lango pale kwa Mwalimu, kijana wa umri wangu, Mkamba kama mimi, na vijiji vyetu viliachana kwa mto mmoja tu. Alikuwa ameajiriwa kufungua geti na kumwagilia sukuma wiki. Wiki ya kwanza alilala nje kwa kuogopa stoo alimowekwa Kiranja. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa kueleza, na Mutua alikuwa mtu wa kusikiliza, na nilipofika mimi tayari alikuwa akimbeba yule chatu mabegani kama mtu aliyebeba blanketi lililoloa.

Nilisimama mlangoni na futi yangu. Nikamwambia Mutua aivute mwenyewe.

"Shika hapa kwa mkia, fundi," akasema. "Kichwa nitashika mimi. Ama unataka kubadilisha?"

Nilishika kwa vidole viwili. Kiranja alikuwa na urefu wa futi kumi na mbili na kitu, na ile kitu sikuiandika kwa sababu alijisogeza nikaachilia. Mutua alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila aliponiona njiani aliniuliza kama nimemaliza kupima.

Nyumba ya kwanza niliyomjengea Kiranja ilikuwa makosa matupu, na nawaambia ili msiyarudie. Niliweka waya wa kuku kwenye matundu ya hewa, na Kiranja akasugua pua mpaka ikatoka damu. Tumieni bati lililotobolewa, na upande ulio laini uwe ndani. Nilitundika balbu ya joto wazi, bila kikapu cha waya kuizunguka. Nyoka hajui kwamba kitu cha joto kinaweza kumwunguza. Anajiviringisha hapo na kubaki, na Kiranja alipoondolewa alikuwa na alama tumboni mfano wa chapati iliyoungua. Nilitoboa matundu yote upande mmoja, kwa hiyo hewa haikuzunguka. Toboeni chini upande huu na juu upande ule. Beseni la maji nililiweka dogo, wakati chatu anataka la kuingia mwili mzima.

Haya yote sikuyagundua mimi. Ni Mutua aliyeyaona, kwa sababu alikaa na kuangalia. Alikuwa akija kibandani saa ya chakula, anaketi juu ya mbao, ananieleza Kiranja alifanya nini asubuhi, alilala pembe gani, alikataa sungura siku gani. Mimi nilikuwa narekebisha na kujiita fundi. Wakati mmoja aliniambia hajawahi kupenda kazi yoyote maishani mwake isipokuwa hii, na kwamba akizeeka angependa awe mtu wa kutunza nyoka mahali pakubwa, avae ovaroli yenye jina lake kifuani. Alisema hivyo kwa aibu kidogo. Pasta wa kanisa lake pale Noonkopir hakupenda mambo hayo. Alikuwa amehubiri Jumapili mbili kuhusu watu wanaolala nyumba moja na nyoka, na kila mtu kanisani aligeuka kumwangalia Mutua na mkewe Mbithe.

Sasa mchwa. Mkiwa mafundi Kajiado, mtasomeshwa na mchwa kuliko na mimi. Nyumba ya kwanza niliiweka moja kwa moja juu ya sakafu ya udongo pale stoo, mbao ya saiprasi ambayo haikuwa hata imekauka vizuri. Baada ya miezi kadhaa mchwa walipanda kutoka chini, wakala ubao wa nyuma, wakaacha rangi tu. Kiranja akaegemea, ubao ukakubali, akatoka. Alipatikana ndani ya banda la kuku la jirani, mzee mmoja Mmaasai mwenye heshima zake. Mzee hakupiga kelele. Alimwita Mutua, wakasalimiana sopa, akamwonyesha banda, akasema kwamba asubuhi alikuwa na kuku tisa na sasa ana saba na olasurai, yaani nyoka, mmoja, na angependa kubadilisha hesabu irudi ilivyokuwa.

Hadithi hiyo ilizunguka Kitengela nzima. Nikaitwa fundi wa mchwa. Wateja walikuja kibandani kuulizia meza, na mmoja wao lazima agonge ubao na kusikiliza. Mambo hayo yalinichoma kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na jina ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho.

Mwalimu Nekesa hakunifukuza. Alisema nijenge nyingine, safari hii juu ya miguu ya chuma, na akanipa sharti moja. Mbao iwe tupu. Isipakwe chochote ndani wala chini, wala vanishi, wala dawa ya mchwa, wala rangi. Akanieleza kwamba nyoka anaonja hewa kwa ulimi, na pafu lake ni moja tu la maana, na kitu kinachokuumiza wewe kichwa yeye kinaweza kumwua. Nilielewa vizuri. Nataka mjue hivyo. Sikuwa mjinga wa jambo lile.

Lakini nilikuwa nimeapa kwamba mchwa hawatanifanya nichekwe tena na watu. Kila fundi huko kwetu anajua dawa ya mchwa ni oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Nguzo zote za ua wa Kajiado zimelowekwa humo. Nilienda gereji nikajaziwa mtungi, nikaloweka fremu nzima ya nyumba ya Kiranja, na mbao za sakafu, siku tatu. Nikazianika juani wiki moja. Kisha nikapigilia plaiwudi safi juu yake ndani na nje, nikapanga misumari kwa karibu, nikapiga msasa mpaka ikawa laini kama kitabu. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kujenga. Mwalimu aliizunguka akiigusa. Aliniuliza kama nimefuata sharti. Nikasema ndiyo.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mnajua Kitengela mwezi wa saba, upepo wa uwandani unapita mpaka ndani ya mifupa. Balbu zikawashwa mchana kutwa. Joto likaingia kwenye plaiwudi, likaifikia mbao, na ile oili ikaanza kupumua.

Mutua alinusa siku ya pili. Alikuja kibandani hata hakukaa.

"Fundi, ile nyumba inanuka gereji."

"Hiyo ni gundi," nikamwambia. "Itaisha."

"Gundi naijua. Hii si gundi."

Nikamuuliza nani kati yetu ni seremala. Nilipoona anasitasita, nikaongeza ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka natafuta mahali pa kuweka uso. Nilimwambia baridi ndiyo inayomsumbua Kiranja, azibe matundu ya juu kwa magazeti ili joto lisipotee. Akaziba. Aliniamini kwa sababu mimi ni wa kwao.

Kiranja alikataa chakula. Akaanza kuinua kichwa juu na kuacha mdomo wazi, na povu likaonekana pembeni ya mdomo. Mwalimu alimwita daktari wa mifugo, lakini yule alikuwa amezoea ng'ombe, akasema ni mafua. Mutua alikuwa anakaa naye saa nzima nzima. Ilichukua wiki kama tano. Akafa siku ya shule, na Mwalimu akaambiwa akiwa darasani.

Mwalimu alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi aliopata ulikuwa huu. Kwenye stoo kulikuwa na pakiti ya sumu ya panya iliyofunguliwa, na Mutua ndiye aliyeinunua wiki mbili kabla, kwa ajili ya panya waliokuwa wanakula mahindi. Kanisani kwa Mutua walikuwa wamemwombea hadharani atenganishwe na nyoka. Na Jumapili moja kabla ya Kiranja kufa, pasta alikuwa amesema maombi yale yako karibu kujibiwa. Maneno hayo yalimfikia Mwalimu. Alipoyaunganisha, yalikaa pamoja vizuri kama kiungo kilichopigwa patasi.

Aliniita mimi nije nibomoe ile nyumba, hakutaka kuiona. Nilipofika, wote wawili walikuwa wamesimama pale stoo. Mwalimu hakuwa anapaza sauti. Alikuwa anamuuliza Mutua swali moja tu, kama alimpa Kiranja panya aliyekula sumu, na kama ni kanisa lililomtuma. Mutua alikuwa anatikisa kichwa. Aliponiona uso wake ulifunguka, kama mtu aliyeona gari la kwao likitokea.

"Mwulize fundi," akasema. "Nilimwambia kuhusu harufu. Fundi, sema ile harufu."

Mwalimu akanigeukia. Akaniuliza, "Kulikuwa na harufu?"

Nilisema, "Harufu gani?"

Hapo ndipo Mutua alipoacha Kiswahili. Alinisemesha Kikamba, taratibu, ili Mwalimu asielewe. Aliniambia kwamba anajua niliweka kitu, na kwamba hahitaji niseme ni nini. Niseme tu kwamba harufu ilikuwepo, basi, mengine atayabeba mwenyewe. Alikuwa ananipa mlango wa nyuma wa kutokea bila mtu kuniona. Sijawahi kutendewa wema mkubwa kama huo na mtu aliyekuwa na haki ya kunipiga.

Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, ili Mwalimu asikie. Nilisema, "Usiniingize kwa mambo yako, Mutua."

Alinitazama kidogo, akaacha kunitazama. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Ile nyumba niliibomoa peke yangu, nikabeba mbao zote kwa mkokoteni na kuzichoma nyuma ya kibanda. Ziliwaka upesi na moshi mweusi. Mtu alipita akaniuliza nachoma nini, nikasema takataka.

Habari zilisambaa kwamba soja wa Mwalimu aliua nyoka kwa sumu. Mngetegemea watu wamsifu, maana nyoka mwenyewe walimwogopa. Haikuwa hivyo. Walisema mtu anayeweza kumlisha mwajiri wake hasara kwa siri anaweza kumlisha mtu yeyote chochote. Hakuna aliyemwajiri. Mwisho wa mwaka, yeye na Mbithe na mtoto wao wakahama wakaenda Illasit kulima.

Na mimi? Mimi niliendelea vizuri, vijana. Mwalimu alipata chatu mwingine, nikamjengea nyumba safi kabisa, mbao tupu juu ya miguu ya chuma, kila mguu umesimama ndani ya mkebe wa maji ili mchwa wasipande. Hiyo ndiyo njia, na haina siri. Chatu huyo aliishi. Mwalimu akawaambia wengine. Nilijenga Kiserian kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na watatu, nikajenga Isinya, nikajenga Namanga. Niliitwa fundi wa nyoka. Na kila mahali nilipofika, sheria yangu ya kwanza kwa wasaidizi ilikuwa kwamba oili chafu isikaribie kazi yangu. Walikuwa wanashangaa nimeyajua wapi mambo hayo. Nilikuwa nawaambia ni uzoefu.

Miaka kama saba ikapita. Mwenye shamba mmoja nje kidogo ya Kajiado mjini alikuwa anaanzisha mahali pa watalii na wanafunzi kuja kuona nyoka, na akanipa kazi ya vizimba vyote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Asubuhi moja nilikuwa napima vioo, akaja na karatasi mkononi. Alikuwa anatafuta mtunzaji. Akasema mtu mmoja anayeitwa Mutua ameandika kutoka Illasit akiomba hiyo kazi, na ameandika vizuri, anajua mambo ya joto na ya nyoka kujivua ngozi kuliko wote walioomba. Lakini ameandika pia kwamba alifukuzwa Kitengela kwa kusingiziwa, na hataki aanze kazi akiwa ameficha jambo hilo.

"Wewe ulikuwa pale," mwenye shamba akasema. "Ni kweli alimwekea sumu?"

Nikasema watu walisema mengi.

"Watu walisema, ama wewe unasema?"

"Mimi nilikuwa fundi tu," nikamjibu.

Aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Hakumchukua Mutua. Nilimaliza kukata kioo, na nilikikata vibaya, ikabidi ninunue kingine.

Mara ya kwanza ningeweza kusema nilishtuliwa. Hii ya pili niliulizwa polepole, mchana kweupe, na mtu mwenye adabu, na nilikuwa na nafasi yote ya kufikiri. Kwa hiyo nilipomaliza wiki hiyo sikuenda nyumbani. Nilienda Loitokitok, na kutoka hapo Illasit.

Nilimkuta kwenye shamba la vitunguu, amevaa gambuti, anaelekeza maji kwenye mifereji kwa jembe. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinijua mara moja, akaendelea na maji. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama upande ule mwingine wa mfereji. Oili, plaiwudi, magazeti, na karatasi yake ya Kajiado. Nilipofika kwa karatasi ndipo jembe liliposimama, maana hiyo hakuwa anaijua.

Alisema ya oili alikuwa anaijua tangu zamani, yeye ndiye aliyeinusa kila siku. Sikuwa nimemletea kitu kipya. Kisha akaniuliza:

"Unataka niseme nimekusamehe, ndio uende?"

Nilisema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

"Mwalimu anajua?"

Nilisema hapana.

"Basi umeanza kwa mtu asiyehitaji kuambiwa." Akarudi kwa jembe. "Nenda useme kule uliponyamaza. Ukimaliza, kama bado unataka kuja, njia unaijua."

Nilienda kwa Mwalimu Nekesa. Alikuwa karibu kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyosikiliza mwanafunzi anayejibu swali, kisha akauliza oili niliiweka wapi hasa, na siku ngapi, na balbu zilikuwa umbali gani kutoka sakafuni. Nilijibu. Alitoa miwani. Alisema miaka yote hiyo amefundisha watoto wasikubali jibu kwa sababu tu linapendeza, na yeye alikubali lile la kumlaumu Mutua katika dakika moja. Hakunitukana. Alisema atamwandikia Mutua mwenyewe, na atamwandikia mwenye shamba wa Kajiado. Aliandika kweli. Mwenye shamba alijibu kwamba nafasi imeshapata mtu, na kwamba fundi akimaliza vizimba asirudi. Kisha Mwalimu akaniambia kwamba kuna mahali ambapo barua yake haiwezi kufika. Wakati ule yeye mwenyewe alienda kwa yule pasta kulalamika, na kanisa zima lilisikia. "Huko uende wewe," akasema. "Kwa mdomo wako."

Ilinichukua miezi mitatu. Niliingia kanisa la Mutua pale Noonkopir Jumapili moja nikiwa nimenyoa. Pasta yule alikuwa amehamishwa, na kanisa lenyewe lilikuwa limejengwa upya kwa mawe. Wakati wa wageni kusalimia nilisimama. Niliwaambia kwamba Mutua, aliyekuwa mshirika wao, hakuua nyoka wa mtu wala hakuweka sumu. Niliwaambia ni mimi, na nikaeleza jinsi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kufukuzwa.

Nyuso zilizokuwa mbele yangu zilikuwa za watu wapya, wapangaji wanaofanya kazi Nairobi na kurudi. Walikuwa wananitazama kwa upole. Pasta mpya, kijana, alikuja akaniwekea mkono begani akasema tumshukuru ndugu kwa ushuhuda wa ujasiri. Wakanipigia makofi. Nilisimama pale nikipigiwa makofi kwa ajili ya Mutua, na hapakuwa na mtu anayejua Mutua ni nani.

Nilitoka kabla ya sadaka. Nilipofika kwenye geti mama mmoja alinifuata, mwenye umri wa mama yangu, akitembea kwa shida. Aliniuliza kama huyo Mutua ni yule mume wa Mbithe. Nilisema ndiye. Akasema wakati huo yeye alikuwa na kioski cha maji karibu na barabara. Mbithe alikuja na mtungi, na mtoto mgongoni, siku chache baada ya habari kutoka, na yeye akamwambia maji yameisha.

"Na mfereji ulikuwa unatiririka hapa nyuma yangu," akasema. "Alikuwa anausikia. Akasema asante, akaenda. Miaka hii yote nilijiambia nilifanya vizuri." Alinitazama usoni. "Sasa umeniletea hiyo habari. Mimi nifanye nayo nini?"

Nilianza kumweleza njia ya Illasit, gari la kupanda, mahali pa kushuka, na shamba liko upande gani wa barabara. Aliniacha niongee mpaka nikamaliza.

Kisha akasema, "Sijakuuliza njia."